SARAFU YENYE HERUFI PACHA
Je, ni kosa la muhuri au ni kosa la mkono?

Bila shaka umewahi kufika katika ofisi ya kijiji kutafuta barua. Mtendaji huandika barua. Hutia sahihi. Kisha huchukua muhuri, huupaka wino, na kuupiga juu ya karatasi.

Siku nyingine mkono wake huteleza. Muhuri hugusa karatasi mara mbili. Ukitazama, unaona kila herufi ina kivuli chake. Hilo ni kosa la mkono. Limeingia katika barua yako peke yake. Barua ya jirani yako haina kosa hilo.

Sasa fikiri jambo jingine. Tuseme aliyekosea ni fundi aliyetengeneza muhuri. Alizichonga herufi mara mbili. Hapo mtendaji hata awe na mkono mtulivu namna gani, kila barua itatoka na herufi mbili mbili. Hilo ni kosa la muhuri. Litaonekana katika barua zote, mpaka muhuri huo utupwe.

Ishike vizuri tofauti hiyo. Ndiyo tutakayoitumia leo kuchunguza sarafu. Wako watu waliopata fedha nyingi kwa sababu waliijua. Wako pia waliopoteza fedha zao kwa sababu hawakuijua.

SARAFU ZA KUMBUKUMBU

Sarafu nyingi hutolewa kwa ajili ya kununulia na kuuzia tu. Lakini sarafu nyingine hutolewa ili watu wakumbuke jambo kubwa. Hizo huitwa sarafu za kumbukumbu. Mwaka 1971, kwa mfano, Tanzania ilitoa sarafu ya shilingi 5 kukumbuka miaka 10 ya uhuru. Pengine babu au bibi yako amehifadhi moja ndani ya kopo.

Nchi ya Marekani ilitoa sarafu yake ya kwanza ya kumbukumbu mwaka 1892. Ilikuwa nusu dola ya fedha yenye sura ya Christopher Columbus. Tangu wakati huo imetoa sarafu nyingi za namna hiyo. Watu wa huko wamezichunguza kwa miaka mingi, herufi kwa herufi, na kuandika yote waliyoyaona. Kwa hiyo mifano yetu ya leo inatoka Marekani. Lakini jinsi ya kuchunguza ni ile ile kwa sarafu yoyote iliyopigwa kwa mashine, hata iliyo mfukoni mwako.

SARAFU HUPIGWAJE?

Sarafu hizi hazimwagwi katika kalibu kama sufuria. Hupigwa kwa muhuri, kama barua. Lakini muhuri wake si wa mpira. Ni wa chuma cha pua, kigumu sana.

Kazi huenda hivi. Kwanza mafundi hutengeneza kipande cha chuma chenye picha na maandishi yaliyoinuka. Kipande hiki tukiite mama. Mama hukandamizwa kwa nguvu juu ya kipande kingine cha chuma. Picha yake huingia ndani, kama unyayo unavyoingia katika udongo. Kipande hicho cha pili ndicho muhuri. Mama mmoja anaweza kuzaa mihuri mingi.

Kisha mihuri miwili hufungwa katika mashine, mmoja juu na mmoja chini. Kati yake huwekwa kipande cha madini kisicho na picha. Mashine hugonga mara moja, na sarafu hutoka. Muhuri mmoja unaweza kupiga sarafu maelfu kwa maelfu.

Sasa sikiliza vizuri. Zamani, mama alipokandamizwa mara moja, picha haikuingia sawasawa. Chuma cha muhuri kilizidi kuwa kigumu kwa kukandamizwa. Basi mafundi walikipasha moto ili kilainike. Kisha walimkandamiza mama tena juu ya muhuri ule ule. Ilikuwa lazima mama arudi pale pale alipokuwa kwanza. Akisogea hata kidogo kuliko unene wa unywele, muhuri hupata picha mbili, moja kando ya nyingine.

Na muhuri huo ukifungwa katika mashine, kila sarafu itakayotoka itakuwa na herufi pacha.

Katika miaka ya mwisho ya 1990 kiwanda cha Marekani kilianza kumkandamiza mama mara moja tu. Lakini sarafu za kabla ya hapo zilitengenezwa kwa njia ya zamani. Ndiyo maana wachunguzi hupenda sana kutazama sarafu za zamani.

SENTI YA MWAKA 1955

Mwaka 1909 Marekani ilitoa senti 1 yenye sura ya Abraham Lincoln, aliyekuwa Rais wao. Ilitolewa kukumbuka miaka 100 tangu azaliwe. Senti hiyo ikaendelea kupigwa mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1955, katika kiwanda cha mji wa Philadelphia, muhuri mmoja ulikuwa na kosa. Mama alikuwa amesogea. Kila herufi ya upande wenye sura ilitoka mara mbili. Hata mwaka 1955 ulijiandika mara mbili. Huna haja ya kioo cha kukuzia. Macho peke yake yanatosha.

Kosa lilipogunduliwa, senti nyingi zilikuwa zimekwisha kuchanganywa na senti nzuri. Wakubwa wa kiwanda waliona ni hasara kuziyeyusha zote. Wakaziachia ziende. Zaidi ya senti 20,000 zenye kosa zikaingia mikononi mwa watu. Wengine walizipata ndani ya pakiti za sigara. Siku hizo pakiti ziliuzwa kwa mashine, na chenji ya senti iliwekwa ndani ya pakiti.

Leo senti moja ya namna hiyo, ikiwa katika hali nzuri, huuzwa zaidi ya dola 1,000. Fikiri, ndugu msomaji. Senti moja!

Lakini habari hii ina sehemu ya pili. Mwaka ule ule wa 1955 zilipigwa senti nyingine ambazo tarakimu ya 5 ya mwisho inaonekana kama imejirudia. Mama hakusogea hata kidogo. Muhuri ulikuwa umechakaa tu kwa kazi nyingi. Kwa mzaha, watu wakaiita senti pacha ya maskini. Thamani yake ni ndogo sana. Mtu asiyejua tofauti anaweza kuuziwa ya maskini kwa bei ya tajiri.

MPIGA NGOMA WA MWAKA 1976

Mwaka 1976 Marekani ilitimiza miaka 200 tangu ilipojitangazia uhuru mwaka 1776. Zilitolewa sarafu tatu za kumbukumbu: robo dola, nusu dola na dola 1. Zote ziliandikwa miaka miwili, 1776 na 1976.

Robo dola ilikuwa na picha ya mpiga ngoma wa jeshi la zamani. Upande wa pili kuna sura ya George Washington. Sarafu hizi zilikuwa nyingi mno. Zilipigwa zaidi ya milioni 1,600. Hata leo mtu wa Marekani anaweza kupewa moja dukani kama chenji. Nyingi hazina thamani zaidi ya ile robo dola iliyoandikwa.

Lakini katika kundi hilo kubwa zimo chache zilizotoka katika muhuri wenye kosa. Zilipigwa katika mji wa Denver, na zina herufi ndogo D karibu na shingo ya Washington. Juu kuna neno LIBERTY, maana yake uhuru. Katika sarafu hizo chache, herufi za neno hilo ni pacha.

Watu wengi wameshika sarafu hiyo, wakanunua mkate, wakaitoa. Hawakuitazama. Aliyeitazama ndiye aliyeipata.

SI KILA TOFAUTI NI KOSA

Mara nyingine sarafu za mwaka mmoja hutofautiana kwa sababu wenyewe walitaka hivyo. Tazama mifano mitatu.

Wa kwanza ni dola 1 ya miaka 200 ya uhuru. Zile zilizopigwa kwanza zina herufi nene nyuma. Baadaye mafundi walitengeneza picha upya kidogo, na herufi zikawa nyembamba. Mihuri ni ya namna mbili, lakini miaka iliyoandikwa ni ile ile.

Wa pili ni nusu dola ya jimbo la Alabama, ya mwaka 1921. Ilikumbuka miaka 100 ya jimbo hilo. Sarafu kama 6,000 ziliwekewa alama ya 2X2. Maana yake, Alabama ni jimbo la 22 kuingia katika Marekani. Nyingine nyingi zilipigwa bila alama hiyo.

Wa tatu ni nusu dola ya mwaka 1922. Ilikumbuka miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Ulysses S. Grant, aliyekuwa jemadari na kisha Rais. Sarafu kama 5,000 tu ziliwekewa nyota ndogo upande wenye sura. Zisizo na nyota zilikuwa nyingi zaidi. Mtu aliyetaka kukusanya zote alilazimika kununua mbili.

NYOTA YA UONGO

Hapo ndipo walaghai walipoingia. Sarafu ya Grant yenye nyota ina bei kubwa kuliko isiyo na nyota. Basi mlaghai hununua isiyo na nyota. Huchukua chuma chenye ncha ya nyota, na kuigonga kwa nyundo. Kisha huiuza kwa bei ya juu.

Mjuzi humkamataje? Huigeuza sarafu. Nyota ya kweli ilipigwa pamoja na picha zote kwa pigo moja la mashine. Nyota ya uongo iligongwa baadaye, sarafu ikiwa imelazwa juu ya kitu kigumu. Kwa hiyo upande wa pili, mahali palipo nyuma ya nyota, hubonyea na kuwa bapa. Mlaghai alifikiri upande mmoja tu. Akasahau kwamba sarafu ina pande mbili.

JINSI YA KUCHUNGUZA

Sasa chukua sarafu yako. Fuata hatua hizi.

1. Keti mahali penye mwanga unaotoka upande mmoja, kama mlangoni asubuhi. Shika sarafu kwa ukingo wake. Usiguse uso wake kwa vidole.

2. Tumia kioo cha kukuzia. Kama huna, fundi saa anacho. Mwombe akuazime kwa dakika chache hapo hapo dukani kwake.

3. Soma kila herufi na kila tarakimu, moja moja. Usitazame picha kwanza. Herufi ndizo husema upesi.

4. Ukiona herufi imejirudia, tazama ncha zake. Pacha wa kweli ana ncha zilizogawanyika, kama ulimi wa nyoka. Sehemu zote mbili zimeinuka na zina umbo la mviringo. Herufi yote huwa nene kuliko kawaida.

5. Pacha wa uongo ni tofauti. Fikiri ukuta wa nyumba na baraza lake. Ukuta ni mrefu, baraza ni fupi na bapa. Pacha wa uongo yuko hivyo: herufi ni ukuta, na kando yake kuna kibaraza bapa kinachong'aa. Hilo ni kosa la mkono. Muhuri ulilegea katika mashine ukayumba kidogo, ukasukuma chini sehemu ya herufi. Tena utaona kwamba herufi yenyewe imekuwa nyembamba, maana baraza limekatwa kutoka katika ukuta wake.

6. Kama herufi zimevimba na kufifia kama mahindi yaliyolowa maji, hiyo ni dalili ya muhuri uliochakaa. Huyo ndiye pacha wa maskini.

7. Linganisha na sarafu nyingine ya aina ile ile na mwaka ule ule. Ukipata sarafu ya pili yenye kosa lile lile, mahali pale pale, una ushahidi wenye nguvu. Watoto wa muhuri mmoja hufanana. Lakini usisahau kwamba muhuri uliochakaa nao huzaa watoto wanaofanana. Rudi katika hatua ya 6 kabla hujafurahi.

8. Andika ulichokiona katika daftari: aina ya sarafu, mwaka, herufi zilizojirudia, na upande zilikosogea. Mtu akikuuliza baadaye, utakuwa na jibu.

USISUGUE SARAFU

Wengi wetu tukiokota sarafu ya zamani huisugua kwa majivu, kwa mchanga au kwa ndimu mpaka ing'ae. Tunadhani tumeipendezesha. Kumbe tumeiharibu.

Mchanga hukwaruza. Ndimu hula madini. Ncha zile kama ulimi wa nyoka huondoka, na ushahidi huondoka nazo. Mnunuzi anayejua hukataa sarafu iliyosuguliwa, au hutoa bei ndogo sana. Rangi nyeusi ya zamani siyo uchafu wa kuonea haya. Ni umri wa sarafu. Iache. Ifunge peke yake katika karatasi kavu, uiweke mahali pasipo na unyevu.

UZEE PEKE YAKE SI BEI

Wengine husema, "Sarafu hii ni ya zamani, basi ni mali." Si lazima.

Ikumbuke ile nusu dola ya Columbus. Ilipigwa mwaka 1892 na 1893 kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mji wa Chicago. Thamani yake ilikuwa senti 50, lakini iliuzwa kwa dola 1. Watu wengi hawakukubali kutoa dola nzima kwa kitu cha nusu dola. Sarafu nyingi zikabaki bila kuuzwa. Mwishowe zikatolewa kama fedha za kawaida, watu wakanunulia vitu. Kwa kuwa zilizobaki ni nyingi, hata leo nyingi za hizo zilizotumika hazina bei kubwa, ingawa zimepita miaka 100. Fedha iliyomo ndani yake ndiyo sehemu kubwa ya thamani.

Bei ya sarafu hutegemea mambo matatu. Je, ziko chache? Je, ziko katika hali nzuri? Je, wako watu wanaozitaka? Likikosekana moja, bei hushuka.

Kwa hiyo tahadhari pande zote mbili. Mtu akija gulioni akakuambia, "Nipe sarafu za babu yako, nitakupa shilingi elfu moja kwa zote," usikubali upesi. Zichunguze kwanza. Uliza zaidi ya mtu mmoja. Na mtu akija na sarafu yenye herufi mbili mbili, akataka umpe fedha za mbuzi wako, usikubali upesi pia. Mwambie, "Ngoja niitazame mlangoni kwenye mwanga." Mkweli atangoja. Mlaghai atakuwa na haraka.

MACHO YA MTU ANAYESOMA

Ndugu msomaji, ulipoanza kujifunza kusoma, mwalimu alikufundisha kutazama herufi moja moja. Ulijifunza kwamba b si d, na n si m. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, lakini ilikupa macho mapya.

Macho hayo ndiyo anayoyatumia mchunguzi wa sarafu. Hana uchawi. Anasoma tu. Wenzake husoma neno lote mara moja na kupita. Yeye huisoma kila herufi, na kujiuliza: je, hili ni kosa la muhuri au ni kosa la mkono?

Swali hilo halifai kwa sarafu tu. Mkataba, risiti ya mazao, hati ya shamba, vyote vina herufi na tarakimu. Navyo pia visome mlangoni, kwenye mwanga, kabla hujatia sahihi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kosa la muhuri na kosa la mkono hutofautianaje?
2. Kwa nini sarafu ya Grant yenye nyota ya uongo hubonyea upande wa pili?
3. Kwa nini nusu dola ya mwaka 1892 haina bei kubwa ingawa ni ya zamani?
4. Nyumbani kwenu kuna sarafu za zamani? Zimewekwa wapi, na zimewahi kusuguliwa?